Ungo juu ya bati au kijiti nyuma ya televisheni?

Hapa Lubumbashi mwenye ungo wa setilaiti na dekoda yake analipa abonema ya mwezi, atazame asitazame. Ila mpira unamfikia moja kwa moja bila kula megabaiti. Mvua kubwa za Januari ndizo hukata picha. (Umeme ukikatika, vyote viwili ni pambo.)

Kijiti kama Fire TV Stick, kinacholeta filamu kwa intaneti, huchomekwa kwenye tundu la HDMI la televisheni, kisha kinataka Wi-Fi. Hapo hesabu inauma: saa moja ya Netflix kwa picha safi ya HD inaweza kumeza hadi gigabaiti 3. Filamu mbili jioni, kifurushi cha simu kwisha!

Mwenye intaneti isiyo na kikomo achukue kijiti. Anayegawa intaneti ya simu, tena mpenzi wa mpira, abaki na ungo wake.