AC ya chumba cha kulala pwani: ipi ununue, na lini ummalizie fundi pesa yake

Chumba cha mita 3 kwa 4 Dar, Tanga au Mombasa kinatoshwa na AC ya BTU 9,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza), mradi kina dari na hakipigwi na jua la jioni. Kikiwa ghorofa ya mwisho, chini ya bati, au dirisha linatazama magharibi, panda hadi 12,000. Usinunue 18,000 eti ipoze haraka. Itashusha joto kwa dakika chache na kujizima kabla haijakausha hewa, na utalala kwenye baridi yenye unyevunyevu. Pwani unyevu hutesa kuliko joto lenyewe.

Nafasi ya kwanza tunaipa AC ya inveta yenye gesi ya kupozea ya R32. AC ya kawaida ya 12,000 hula karibu kilowati 1.1 kila kompresa, yaani pampu inayosukuma gesi, inapozunguka. Ikizunguka theluthi mbili ya usiku wa saa 8, hizo ni karibu yuniti 6, na kwa mwezi zinapita 170. Nyumba iliyo kwenye tarifa ya D1 ya Tanesco, ile nafuu ya watumiaji wadogo, ina kikomo cha yuniti 75 kwa mwezi, kwa hiyo AC peke yake inatosha kuitoa humo. Inveta, chumba kikishapoa, hupunguza mwendo badala ya kuzima na kuwaka, na ulaji wake hushuka sana. Udhaifu wake ni bodi ya elektroniki: umeme ukirukaruka huungua, na bei yake inauma. Nunua gadi ya AC (kifaa cha kuikinga na umeme mbaya) siku hiyohiyo, yenye kuchelewesha umeme dakika 3 hadi 5 unaporudi.

Ya pili ni ya kawaida isiyo inveta. Inafaa chumba cha wageni au popote inapowashwa saa moja au mbili tu. Huko tofauti ya bei hairudi haraka. Ya tatu ni ile ya magurudumu yenye bomba moja la dirishani, kwa mpangaji aliyekatazwa kutoboa ukuta tu. Inatupa nje hewa ya chumbani, na joto la nje linaingia kupitia chini ya mlango kufidia.

Mtumba wa R22 uache kabisa. Gesi hiyo inaondolewa duniani chini ya Mkataba wa Montreal, na kwa nchi zetu ukomo ni 2030. Kila ikivuja utaitafuta kwa bei kubwa zaidi.

Kabla ya kulipa, chungulia mapezi ya koili, yale mabati membamba ya aluminiamu, ya kipande cha nje. Kama unakaa karibu na bahari, chagua yaliyopakwa rangi ya kinga, ya buluu au ya dhahabu. Chumvi hula aluminiamu tupu mapema.

Sasa ufungaji, ambako AC nyingi nzuri huharibiwa siku ya kwanza. Iwe na laini yake kutoka kwenye meni swichi: waya wa milimita za mraba 2.5, waya wa ethi, na breka ya ampea 16 kwa 9,000 au 12,000. Usiichomeke kwenye ekstensheni. Kompresa isiyo inveta inapoanza huvuta mara kadhaa ya umeme wake wa kawaida, na soketi iliyolegea hupata moto hadi plastiki ikayeyuka. Tundu la ukutani liinamie nje kidogo, na bomba la maji lishuke angalau sentimita 1 kwa kila mita. Kipande cha nje kina uzito wa kilo 25 hivi au zaidi. Kwenye tofali zenye matundu, fisha za kawaida hazitoshi, pitisha bolti hadi upande wa pili.

Muulize fundi swali moja kabla hajafungua boksi: una pampu ya vakyumu, ya kunyonya hewa na unyevu kwenye mabomba ya gesi? Wengi hulegeza nati na kuachia gesi kidogo isukume hewa itoke. Unyevu hubaki ndani, unachanganyika na oili kuwa asidi, na kompresa inakufa polepole. Tena R32 hushika moto. Kazi sahihi ni kujaza nitrojeni, kupaka povu la sabuni kwenye nati kutafuta mvujo, kisha pampu ivute dakika 20 hadi 30, presha ya ndani ishuke chini ya mikroni 500 (kipimo cha vakyumu) na ibaki hapo baada ya pampu kufungwa. Akileta mtungi wa oksijeni badala ya nitrojeni, msimamishe papo hapo: oksijeni yenye presha ikikutana na oili hulipuka, na watu hufa.

Usimalizie malipo kabla ya majaribio mawili. Mwaga lita moja ya maji taratibu kwenye trei ya kipande cha ndani, uone yote yanatokea nje. Kisha iwashe dakika 15 na upime kwa kipimajoto: hewa inayotoka iwe chini ya inayoingia kwa nyuzi 8 hadi 12. Ikipungua hapo, fundi asishuke ngazi.