Biblia ya Geneva ya 1560: nunua na lenzi kabisa

Mpwa wangu aliniletea kutoka Uingereza nakala ya Biblia ya Geneva, ile inayochapwa kwa kupiga picha kurasa za toleo la 1560. Siku ya kwanza niliona nimeuziwa mbuzi kwenye gunia. Herufi ni ndogo kama sisimizi, s ya kale inafanana na f, na u imekaa palipostahili v. Mwanzo sura ya kwanza ilinichukua karibu saa nzima, kidole kwenye mstari kama mtoto wa darasa la kwanza. Dawa niliyoipata ni kusoma kwa sauti: neno linalokataa machoni, masikio hulitambua.

Hii ndiyo Biblia nzima ya kwanza ya Kiingereza kuwa na mistari yenye namba. Waliotafsiri ni Waingereza waliokimbilia Geneva wakati wa Malkia Mary, aliyewatesa Waprotestanti, William Whittingham akiwa mmoja wao. Kwenye Mwanzo 3:7 wakawashonea Adamu na Hawa suruali, “breeches”, na Biblia hii ikabandikwa jina la utani, “Breeches Bible”, likaganda mpaka leo. Biblia yetu ya Kiswahili, Union Version, inasema “nguo” tu, basi.

Lakini mimi naisifia pembezoni mwake. Kila ukurasa umezungukwa na maelezo, na hapo ndipo penye utamu. Chukua Kutoka 1:19, wakunga wanapomwambia Farao kwamba wanawake wa Kiebrania huzaa kabla wao hawajafika. Pembeni wameandika kwamba kumkaidi mfalme kulikuwa halali, ila kudanganya kulikuwa kubaya. Mfalme James wa Uingereza alilitaja neno hilo kwenye mkutano wake na viongozi wa kanisa pale Hampton Court mwaka 1604, na si kwa kulifurahia. Tafsiri aliyoiagiza ilipotoka mwaka 1611, maelezo ya namna hiyo hayakuwemo.

Kasoro ya nakala yangu iko hapo hapo. Imeshonwa kwa kubana, hivyo maelezo ya upande wa ndani yanamezwa na mshono. Ukilazimisha kuifungua, gundi inalia. Na kwenye Ezekieli kuna kurasa zimefifia hata lenzi haisaidii. Kwa ibada ya nyumbani sikushauri, watoto watalala. Ukiwa mtu wa kuchimba, chukua, ila fungua kurasa za katikati kabla hujalipa.

Wiki iliyopita nilibeba mzigo huu hadi kwenye jumuiya, nikawatafsiria lile la wakunga. Mama mmoja, mkunga mstaafu, akanisikiliza mpaka mwisho, akavuta kitenge chake vizuri.

“Kudanganya kubaya, sawa. Sasa hao walioandika pembeni, wao wangemjibu nini Farao?”

Nikaenda kutafuta pembeni. Hawajaandika.