Darasa la Kiingereza la jioni, Mwanjelwa: somo la "believe"

Kituo hiki kidogo cha lugha, jirani na soko la Mwanjelwa jijini Mbeya, hufundisha kitenzi kimoja kwa jioni nzima, na somo la "believe" ndilo lililonithibitishia kwamba ada yake inastahili. Mwalimu alitenganisha kwa makini "believe you", yaani kukubali kwamba ulichosema ni kweli, na "believe in you", yaani kuwa na imani na uwezo wako hata kabla hujasema lolote. "In" hiyohiyo hutumika pia kwa Mungu, kwa mizimu na kwa misimamo ambayo mtu anaishika. Mfanyabiashara wa parachichi kutoka Tukuyu, aliyeuliza kwa nini barua pepe za wanunuzi wa ng'ambo hujaa "I believe" pasipo suala la dini, alielezwa kwamba hapo maana ni "nadhani" tu, tena kwa adabu. Onyo la kutosema "I am believing" lilipitiwa haraka, na ilitosha. Kasoro ni mazoezi ya kuzungumza: wanafunzi ni wengi mno, na wa viti vya nyuma, ambako mvua ikipiga bati hakusikiki kitu, hawapati zamu. Anayejiunga awahi kiti cha mbele.