San Juan: ulale Mji Mkongwe au Santurce?

Ukiwa na siku tatu tu San Juan, Puerto Rico (viza ni ya Marekani), mahali unapolala ndipo panapoamua safari.

Mji Mkongwe ni wa macho. Ngome za El Morro, iliyoanza kujengwa 1539, na San Cristóbal zinafikika kwa miguu. Nenda asubuhi: meli za watalii zikishateremsha watu foleni hurefuka, na uwanja wa nyasi mbele ya El Morro hauna kivuli hata kidogo. Mawe ya buluu barabarani huteleza yakilowa, kwa hiyo vaa viatu bapa. Epuka chumba kinachotazama barabara ya Calle San Sebastián. Baa zake hazikulazi.

Mtaa wa Santurce ni wa usiku. La Placita mchana ni soko la matunda; Alhamisi hadi Jumamosi usiku, watu hucheza salsa hadi barabarani. Saa mbili bado pamepoa. Tangulia kula mofongo: ndizi mbichi zilizokaangwa, zikatwangwa kinuni na kitunguu saumu. Inashibisha haswa.

Kati ya Mji Mkongwe na Santurce ni mwendo mfupi wa teksi. Chaguo letu: lala Mji Mkongwe, kacheze Santurce.