Maikrowevu ndani ya karavani: igeuze kwanza, usome nyuma

Bukari (ugali) ilikuwa tayari, sombe (kisamvu) ilikuwa tayari, na dereva wa lori aliyefika wa kwanza alikuwa ameshakaa kwenye benchi. Akataka tomsoni yake, samaki, ipashwe moto. Nikaingiza sahani, nikabonyeza dakika mbili. Konvertisere iliyoko chini ya kiti, kile chombo kinachogeuza umeme wa batri uwe kama wa ukutani, ikalia piiii, taa yake ikageuka nyekundu, na karavani nzima ikazimika, mpaka redio. Dereva akangoja kidogo, kisha akasema, "Mama, leta tu hivyo hivyo."

Ndiyo iliyokuwa maikrowevu yangu ya kwanza, au mikroonde kama wengi wetu tunavyoiita hapa Lubumbashi. Niliilipia dola 110 na ilifanya kazi chini ya dakika moja. Tangu nilipoisimulia habari hiyo, maswali hayaishi. Kuna mama mwenye kontena ya chakula kule Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kuna kijana anayelala kwenye karavani ya shantie (eneo la kazi za kampuni) upande wa Likasi, na kuna dada wa Kipushi ambaye ya kwake "inanguruma kama ng'ombe lakini chai haichemki". Wote wanataka kujua neno moja: kitu hiki kina faida ndani ya karavani, au ni kuchoma pesa?

Nitajibu. Ila habari za lita, rangi, grili na kitufe cha bisi sitazigusa, hizo muuzaji atakuimbia bila kuombwa. Mimi nina ugomvi na kitu kimoja tu: namba iliyoandikwa mbele siyo namba inayokula umeme wako.

Kile kibandiko cha fedha

Boksi yangu ilikuwa na 900 kubwa, nyekundu. Konvertisere yangu ilikuwa ya 1000. Mia tisa iko chini ya elfu, hesabu ya darasa la pili, nikalipa. Jioni ya siku ile ya aibu nikaivuta mashine mpaka ukingoni mwa meza, nikainama nyuma yake, tochi ya simu mkononi. Kuna kibandiko pale, ukubwa wake kama kadi ya uchaguzi, na maandishi ya kutesa macho: 230 V, 50 Hz, 2450 MHz, kisha mistari miwili. Wa kwanza ulisema 1400 W. Wa pili, 900 W.

Ile 900 ni moto unaoingia kwenye chakula. Ile 1400 ndiyo inayovutwa kutoka ukutani, kwenye grupe (jenereta) au kwenye batri. Mia tano za katikati zinageuka joto la bure, kwa sababu kile chombo cha ndani kinachotengeneza mawimbi, magnetroni, pamoja na transfoma yake hupoteza karibu theluthi ya umeme wote. Weka mkono kwenye matundu ya nyuma mashine ikiwa kazini, utausikia upepo wa moto: ndizo hizo mia tano zako zinatoka. Kwenye mashine za Afrika Kusini mstari wa kutafuta ni ule wenye neno "input". Kwenye zilizotoka Ulaya ni "puissance absorbée". Kama muuzaji hakuruhusu kuigeuza, chukua namba ya mbele na uiongeze nusu yake. Utakuwa karibu na ukweli.

Nyumbani jambo hili halimsumbui mtu. Ndani ya karavani ndilo jambo lenyewe, maana batri ya karavani ni ya volti 12. Chukua mashine ndogo kabisa, ya 700 mbele na kama 1200 nyuma. Gawa 1200 kwa 12, unapata ampea 100. Ongeza kile ambacho konvertisere yenyewe inakula, umefika 110 na zaidi. Ampea 110 kupitia zile nyaya za bure zinazokuja ndani ya boksi la konvertisere, nyembamba kama kamba ya kiatu! Fundi wangu wa kuran, yaani umeme, alinipigia hesabu juu ya kipande cha katoni: waya wa shaba wa milimita 6 za mraba, meta mbili kwenda na mbili kurudi, unapoteza zaidi ya volti 1 njiani. Batri ina 12, konvertisere inaona chini ya 11, inadhani batri imekufa, inakata. Batri yenyewe ni nzima kabisa. Tuliweka waya wa milimita 35 na volti zikarudi. Waya huo haukuwa rahisi, na hakuna muuzaji wa maikrowevu aliyewahi kunitajia kwamba nao ni sehemu ya bei.

Dada wa Kipushi, ya kwako haijaharibika. Konvertisere yako ndiyo ile ya bei nafuu inayotoa umeme wa ngazi ngazi badala ya wimbi laini. Kwa taa na simu haina shida. Kwa maikrowevu ya transfoma, mashine inanguruma, inapata joto, na chakula kinapata nusu. Tafuta iliyoandikwa "pur sinus", yaani ya wimbi laini, ya wati 2000 kwenda juu, na ujue kwamba peke yake inaweza kukugharimu kuliko maikrowevu.

Basi ina faida?

Unapasha sahani tatu au thelathini? Sahani moja ya bukari na mboga, dakika mbili, inakula kama wati-saa 40. Thelathini ni 1200. Batri moja ya risasi ya ampea-saa 100 ina wati-saa 1200 kwenye karatasi (100 mara volti 12), na ukiishusha chini ya nusu mara kwa mara unaiua. Kwa hiyo mwenye kuuza chakula asitegemee maikrowevu na batri kwa wateja wa saa sita. Mimi nina gesi ya majiko mawili na ndiyo inayolisha watu. Maikrowevu ni ya chai ya saa kumi na mbili asubuhi, ya kipande cha samaki cha mteja aliyechelewa, ya wali wangu mwenyewe wa usiku. Kwa kijana anayelala shantie na kupata kuran ya kampuni, inunue leo, hakuna cha kufikiri.

Wenye grupe msifurahi mapema. Lubumbashi iko juu, karibu meta 1,200 kutoka usawa wa bahari, na injini ya petroli inapoteza asilimia 3 hadi 4 ya nguvu kwa kila meta 300. Kwetu hiyo inafika kama 14. Grupe ya wati 1200 za kazi inabaki na elfu moja na kidogo, haitoshi hata kwa mashine ndogo. Ya 1800 za kazi inaiwasha bila kulia. Nasema za kazi, siyo zile kubwa za ubavuni ambazo injini inaziweza kwa nukta chache tu. Unaona? Ni ujanja ule ule wa namba ya mbele.

Na mbabula, jiko la makala, ndani ya karavani, hapana. Nimeona watu wanaiingiza usiku wa mwezi wa sita kwa ajili ya baridi na kufunga dirisha. Moshi wa makala usioonekana unaua mtu akiwa usingizini, na karavani ni kisanduku kidogo.

Nilivyozipanga

Namba moja ni Defy ya lita 20, ya 700, yenye vitasa viwili vya kuzungusha. Sijifichi, hii ndiyo niliyo nayo na ndiyo ninayoipenda. Vitasa havina saa ya kupotea kila kuran ikikatika. Za vitufe, umeme ukirudi zinakumetea 0:00 na nyingine hazikubali kazi mpaka uzipangie saa upya, na mikono yako imejaa unga. Defy ni ya Afrika Kusini, ipo tangu 1905, na tangu 2011 iko chini ya Waturuki wa Arçelik. Kwetu maana yake ni kwamba vipuri vinapanda kwa barabara ile ile ya Kasumbalesa inayoleta kila kitu, na fundi ukimtajia jina hakunji uso. Kasoro yake ni plagi: meno matatu manene ambayo hayaingii kwenye soketi zetu. Usinunue adapta ya bei ya soda. Yangu iliyeyuka ikanuka karavani nzima, nikadhani ni samaki. Kata plagi, fundi akufungie nzuri yenye waya wa ardhi.

Namba mbili, Panasonic ya inverter. Maikrowevu ya kawaida ukiiweka nusu ya nguvu haipunguzi kitu, inawaka yote, inazima, inawaka yote, na batri kila mara inapigwa ampea zile zile. Hii ya Panasonic inashusha nguvu kweli, kwa hiyo unaweza kupasha polepole bila konvertisere kupiga kelele. Ingekuwa namba moja kama isingekuwa na bei yake na vitufe vyake. Lakini neno hilo "inverter", ambalo kwa Kiingereza ni jina la konvertisere pia, limenitafutia vituko. Muuzaji mmoja mjini aliniapia, mkono kifuani: "Mama, hii iko na inverter ndani yake, konvertisere haina kazi tena, unafunga kwenye batri moja kwa moja." Nikamwuliza plagi ya 220 ataifungaje kwenye vichwa vya batri. Akamwita mwenzake. Mwenzake akasema, "Iko adapta."

Samsung ndogo naiweka ya tatu kwa sababu ya ule ukuta wa ndani wa seramiki: harufu ya tomsoni inatoka kwa kitambaa na ndimu. Basi.

Zile zisizo na jina, za dola 60, zilizopangwa mpaka dari? Kibandiko cha nyuma hakisomeki au hakipo. Nimemaliza.

Kuna pia visanduku ambavyo madereva wa lori huchomeka kwenye tundu la kuwashia sigara, na wauzaji wa barabarani wanaviita mikroonde. Tundu lile kwa kawaida lina fyuzi ya ampea 10 au 15, yaani wati 180 ukibahatika. Ni pasi yenye mfuniko. Ukiwa na saa nzima ya kungoja, itapasha.

Dukani

Jaribu kabla ya kulipa. Glasi ya maji, robo lita, ndani ya mashine ya 700: ichemke kwa dakika mbili hivi. Hapa kwetu maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, siyo 100, sababu ya mwinuko ule ule. Ikifika dakika nne maji bado yanalala, rudisha.

Shida ni kwamba utaambiwa "kuran haiko, rudia kesho". Umeme wa bwawa la Inga unasafiri karibu kilomita 1,700 mpaka Kolwezi kwa laini iliyowashwa mwaka 1982, halafu mimi nashindwa kuchemsha glasi moja katikati ya mji wa shaba! Wengine kuran iko, grupe iko, ila wanakwambia ukifungua boksi umeshanunua. Bei nayo inatazama viatu. Asubuhi nimevaa ndala nikaambiwa 95. Mchana nimerudi na viatu vya kanisani, mashine ile ile, 120, eti franga imeshuka. Imeshuka ndani ya saa tatu? Na ukikubali kulipa, noti yako ya dola ishirini inainuliwa juani, inapinduliwa, inapatikana na kachembe ka mpasuko pembeni ambako hata panya hangekaona, inakataliwa. Noti inatakiwa iwe mpya kama imetoka kiwandani, lakini mashine unayouziwa huruhusiwi hata kuigeuza uone mgongo wake.

Kwa hiyo nenda na mtu. Mmoja abishane na bei, mwingine ashike tochi nyuma.

Ukishaifikisha

Iachie nafasi juu na nyuma, kiganja kizima, isibanwe ndani ya kabati la mbao nyepesi la karavani. Usiiwashe tupu. Sahani zetu za bati zenye maua hazifai humo, zinatoa cheche. Nunua tatu za kauri ziwe za kazi hiyo tu. Bukari inyunyizie maji, uifunike kitambaa kibichi, la sivyo inatoka na ngozi kama ya mamba.

Kioo cha chini kinachozunguka ndicho kitakachokulilia barabarani. Siku za kazi nasimama njia ya Kipushi, lakini mwisho wa mwezi, shantie zikilipa, navuta karavani mpaka upande wa Likasi, na njia hiyo ilinivunjia vioo viwili kabla sijapata akili. Sasa nakitoa pamoja na ile pete ya magurudumu madogo, navifunga ndani ya kitenge, navilaza katikati ya mifuko miwili ya unga. Kikivunjika, pima kipenyo kwa rula kabla ya kwenda sokoni, maana kuna cha sentimita 24.5 na kuna cha 25.5, na vyote viwili utaambiwa, "Mama, hiki kinaingia."