Vitu vya ger sebuleni: kabla ya kulipa, geuza zulia

Simu yangu imejaa malalamiko yenu kuhusu mazulia ya Kimongolia. Linafika limenyooka, baada ya muda pembe zinajikunja, manyoya yanazagaa hadi kwenye chai. Nawajibu wote kwa pamoja.

Ger ni hema la duara la wafugaji wa Mongolia. UNESCO iliutambua ufundi wake mwaka 2013. Joto lake linatokana na sufu ya kondoo iliyoshindiliwa. Rangi na nakshi chagueni wenyewe, macho mnayo. Mimi nataka tuongee mshono.

1. Shirdeg. Zulia la sufu hiyohiyo, lililoshonwa kwa mkono, kwa kawaida kwa uzi wa manyoya ya ngamia, mpaka nakshi inatuna. Mishono ndiyo inayoshika matabaka yasiachane. Kwa hiyo ligeuze: nyuma uone mishono ileile, imebanana, imetokeza upande wa pili. Ukikuta kitambaa kimebandikwa kwa gundi, rudisha. Mtandaoni dai picha ya mgongo wa zulia, tena ya karibu. Akikuletea picha ya mbele mara ya pili, hama duka.

2. Blanketi la Gobi. Hapa napendelea, wala sifichi. Kiwanda hiki cha Ulaanbaatar kipo tangu 1981 na kinatumia kashmiri, ile sufu laini ya mbuzi. Chukua la sufu isiyotiwa rangi, kahawia ya mbuzi mwenyewe, ulitupie kwenye kochi. Ghali? Ndiyo. Bado nasema Gobi.

3. Avdar. Sanduku la mbao, mara nyingi la rangi ya chungwa. Kwenye ger hukaa nyuma, mkabala na mlango, upande wa heshima. Nawe liweke hivyo, usilifiche chumbani. Mwenye kasha la bibi la Unguja ataelewa.

Foronya na stika zenye nakshi za Kimongolia: kama bajeti ndiyo hiyo, sawa.

Sasa wauzaji. Toono ni duara la juu ya paa la ger, linalopitisha mwanga na moshi. Siku hizi taa yoyote ya mianzi yenye umbo la gurudumu inaitwa toono, bei inapaa papo hapo. Na usafirishaji! Wanakutajia bei ya zulia tupu, ukishalipa ndipo unaambiwa ni zito, ongeza. Kwani walipolipiga picha lilikuwa jepesi?