TAHADHARI: Fundi wa "sauti ya mvuke" anayezunguka Dodoma, msimpe treni zenu

Habari zenu wakuu. Wenye treni za mfano hapa Dodoma hatujazi hata Coaster moja, kwa hiyo tapeli akishampata mmoja wetu, wengine kutufikia ni suala la muda tu.

Kuna jamaa anajitangaza kwamba anafunga mfumo wa sauti kwenye vichwa vya treni za mvuke, vile vidogo vya HO, kipimo cha 1:87. Duka hana. Mara yuko Makole, mara Majengo, kichwa anakuja kukichukua mwenyewe kwa bodaboda. Bei yake laki moja na themanini, nusu unatanguliza. Hapo tu ungeshtuka: dekoda halisi yenye sauti (kile kibao cha ndani kinachopokea amri na kuongoza mota, taa na sauti) huko nje ni kama dola 100, bado usafiri na ushuru. Yeye anakula wapi?

Alichokichukua safari hii ni kichwa cha mzee wangu, mstaafu wa reli. Kikarudi, na kweli kinalia. Mzee akasikiliza kidogo, akauliza: "Sasa hiki kinachapa mwendo kimesimama?"

Kichwa cha mvuke cha silinda mbili hutoa pumzi nne kila gurudumu kubwa linapozunguka mara moja. Ukiongeza mwendo, pumzi zinafuatana mbiombio; ukisimamisha zinakoma, unabaki na mvuke unaofuka na labda pampu. Hiki kilikuwa na mdundo uleule, kiende kisiende. Unapiga weee, unakatika, kimya, unaanza upya. Katikati unasikia watoto wanapiga kelele kwa Kiingereza, halafu inalia honi ya dizeli! Sauti imenyofolewa kwenye video ya mtu mtandaoni. Vijana waliozoea SGR ya umeme wanaweza wasishtuke, ila huwezi kumpiga mzee wa reli kwa honi ya dizeli.

Tukafungua kile kibehewa cha makaa cha nyuma, ambako sauti hufungwa mara nyingi kwa sababu kichwani nafasi imeliwa na mota. Ndani mna kibao cha MP3 kama cha redio za flashi, memori kadi bado imo. Spika imebandikwa tupu kwa gundi, haina kiboksi chake, kwa hiyo sauti ya mbele na ya nyuma zinauana, unabaki na mkwaruzo. Kipunguza volti kimelazwa juu ya plastiki na plastiki imeanza kupinda kwa joto. Ili vyote vitoshe, amechomoa chuma cha uzito. Sasa magurudumu hayashiki reli vizuri na taa inapepesa.

Dekoda? Hakuna. Hili hata wewe usiye fundi unaweza kuliona. Kwenye kazi halisi, umeme wa reli hauendi moja kwa moja kwenye mota. Waya mwekundu na mweusi zinaingia kwenye dekoda, kisha wa machungwa na wa kijivu ndizo zinakwenda kwenye mota. Ukikuta waya za magurudumu zimeunganishwa na mota kama zamani, ujue umeuziwa redio.

Mwenye kidhibiti cha DCC (mfumo wa kuongoza treni kwa amri za kidijitali zinazopita kwenye reli) amwambie fundi asome CV 8 mbele yake, yaani namba ya nane ya mipangilio ya dekoda, ndiyo inayobeba namba ya mtengenezaji: ESU ni 151, SoundTraxx 141, Zimo 145. Kibao cha MP3 hakijibu kitu. Na majaribio yafanyike taratibu kabisa, halafu kasi, halafu kusimama. Yeye huwa anakukimbizia treni kwa mwendo mmoja kwenye kipande kifupi cha reli, kisha anaanza stori.

Hela anapokelea kwenye namba yenye jina lisilo lake, eti la mke wake. Tulipomdai alikuwa "Manyoni, nikirudi tutaonana". Baada ya hapo simu haipatikani. Namba nimeshaituma 15040, ile ya kuripoti matapeli wa simu. Hapa siiweki, anayetaka kuilinganisha na aliyonayo aje inbox.

Kama kichwa chako kiko kwake muda huu, kifuate leo na usimalizie ile nusu. Hesabu na vipande kabla hajaondoka, maana chuma cha uzito cha mzee mpaka sasa hatujakiona.